Mtangazaji wa Redio Azotea

Kila alasiri, akishamaliza chai yake ya mdalasini na mkate mtamu, Doña Refugio aliuliza swali lilelile.

“Redio ya Fermín wameshafungua?”

“Bado, Mama,” Amparo alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na sare za watoto wa nusu ya mtaa wa Portales zilikuwa zimelundikana mezani kwake.

“Leo wamechelewa.”

“Wamechelewa kweli.”

Walikuwa wamechelewa karibu miaka thelathini, lakini hilo utamwambiaje ajuza wa umri ule? Fermín, kaka yake Amparo, alizikwa kijana, baridi ya Januari ilipomkalia kifuani ikakataa kutoka. Redio yenyewe ilikuwa imekufa miezi michache kabla yake. Mwanzoni Amparo alijaribu kusema ukweli. Kila aliposema, mama yake alifiwa upya, akalia upya, kisha akasahau upya, na kesho yake mambo yakaanza tena palepale. Basi Amparo akajifunza kusema “bado”, na akawa fundi wa kulisema.

Kilichomtia hofu ni jambo la wiki moja iliyopita. Doña Refugio alisimama mbele ya kabati la vyombo, akaitazama picha ya Fermín aliyevaa koti la jinzi, akauliza kwa adabu kabisa, kama mgeni aliyekaribishwa nyumba ya watu, “Kijana huyu ni wa nani?” Sura imekwenda, Amparo aliwaza. Kilichobaki kwa mama yake ni sauti, maana sauti ndiyo aliyokuwa akiisubiri kila alasiri. Na hiyo nayo ikienda, Fermín atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii hatakuwa na wa kumlilia isipokuwa dada yake.

Kwa hiyo akaapa kuitafuta sauti ya kaka yake aliyokuwa akitangazia, hata kama ni maneno mawili, amsikilizishe mama. Alidhani ni kazi nyepesi. Alikaa kitandani, akafumba macho, akajaribu kuikumbuka yeye mwenyewe kwanza, na hakuna kilichokuja. Aliyakumbuka mabuti ya Fermín, harufu ya marashi yake ya bei ya chini, namna alivyokula chapati yake ya mahindi yenye nyama akiwa amesimama. Sauti, hakuna. Akajiona mjinga. Unawezaje kulala chumba kimoja na mtu miaka yote hiyo, pazia tu katikati, ukasahau alivyokuwa akisema?

Redio aliikumbuka, au alidhani anaikumbuka. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya lile tetemeko kubwa, majengo mengine bado yamelala chini na vumbi lake. Zamani hizo roki ya redioni ilikuwa ya Kiingereza, vijana wanaiimba kwa kubahatisha tu bila kujua wanaimba nini. Kisha, Kwaresima ya mwaka ule, ikazuka Redio Azotea, orofa ya juu kabisa ya jengo lenye ufa mtaa wa Narvarte, chini tu ya paa wanapoanika nguo, na ndiyo maana ikaitwa jina la paa. Ilipiga roki ya Kihispania tupu, kutwa kucha. Ya hapa hapa mjini, ya Buenos Aires, ya Madrid. Kwa mara ya kwanza mtu anapiga makelele kwenye gitaa la umeme na wewe unaelewa anachokilalamikia. Mama zao walikasirika zaidi, kwa sababu na wao walielewa. Kabla ya Siku ya Wafu ya Novemba kufika, asubuhi moja watu waliwasha redio wakakuta boleros, nyimbo za mapenzi za wazee, na matangazo ya sabuni ya unga. Hakuna aliyeaga.

Hayo ndiyo aliyoyajua Amparo. Jumapili akayapeleka kwa mjomba wake Baldomero, aliyekuja kula pozole, supu ya mahindi na nyama, kama kawaida yake, na mjomba akayachanachana yote.

“Redio ipi hiyo? Ile iliyokuwa inavuma vuma? Ile ilidumu mwezi mmoja.”

“Mwezi mmoja, Mjomba? Si Kwaresima mpaka karibu na Wafu?”

“Mwezi. Na Fermín hakuwa mtangazaji. Nani kakudanganya? Alikuwa anafagia, anabeba nyaya, anawanunulia wakubwa sigara.”

Amparo aliweka kijiko chini. “Mama amesema miaka yote kwamba Fermín alitangaza.”

“Dada yangu huyo nampenda, lakini mwanawe angeuza karanga mlangoni angesema ni meneja wa kiwanda.” Baldomero akakamulia ndimu kwenye bakuli. “Yule mtangazaji nilimsikia kwenye teksi yangu. Sauti nene, ya mwanamume mzima, sauti ya mtu mwenye tumbo. Fermín alikuwa na sauti ya kifaranga. Nikimpigia simu nilidhani nimekupata wewe.”

Amparo akainuka, akaleta sahani ya santuri aliyoitunza chini ya kitanda, urithi pekee wa Fermín ukiacha mabuti. Kwenye ganda lake palikuwa na muhuri wa wino wa zambarau: MALI YA REDIO AZOTEA. ISITOLEWE STUDIO.

“Na hii je?”

Baldomero aliisoma akaangua kicheko mpaka akakohoa. “Hii ndiyo inamtia hatiani! Mtangazaji angeiba sahani ya kwake? Mfagizi huyo, mwanangu. Ongeza kabichi.”

Amparo akaongeza kabichi. Ubaya wa maneno ya mjomba ni kwamba yaliingia akilini vizuri kuliko ya kwake. Labda kweli. Labda mama alitunga, na yeye Amparo akakua na uongo huo mpaka akauita kumbukumbu. Na kama ndivyo, hiyo sauti anayoisubiri mama kila alasiri ni ya nani?

Jumamosi akavaa viatu vya kutembelea, akamwachia jirani mama yake, akaenda Chopo, soko la wapenzi wa roki.

Soko hilo hukaa kila Jumamosi nyuma ya stesheni ya treni ya Buenavista, na wauzaji na wanunuzi wote wamevaa nyeusi hata jua likiwa la kuchoma ngozi. Upande wa mwisho kabisa, fedha haina kazi. Ukiwa na kitu unakibadilisha na kitu, na asiye na kitu anatazama. Amparo alipita na fulana yake ya maua na mkoba wa kununulia mboga, na vijana wenye pete puani wakampisha kwa heshima iliyomkera.

“Sare za shule haziuzwi huku, shangazi,” mmoja wa Portales aliyemjua akamtania.

“Ningeuza sare ningekuanza wewe, suruali imechanika magoti yote,” akajibu, na wenzake wakamcheka kijana wa watu.

Akaelekezwa kwa Greñas. Jina hilo maana yake ni Manywele, na huyo bwana alikuwa na upara unaong’aa. Nywele zilishaondoka zamani, jina likakataa kufuatana nazo. Aliketi nyuma ya masanduku ya kaseti, anakula mahindi ya kuchemsha yaliyopakwa mayonezi.

“Redio Azotea?” Greñas akasimama. “Dada, umetaja marehemu wangu.”

Basi ilikuwapo! Lakini furaha ya Amparo haikumaliza hata dakika, kwa sababu wanaume wengine wenye mvi na fulana nyeusi walisikia jina hilo wakasogea, na kila mmoja alikuja na Azotea yake.

“Ilikuwa masafa ya kati,” akasema mmoja.

“Masafa ya kati babu yako! Ilikuwa FM, namba za juu, baada ya ile ya habari.”

“Ilidumu miaka mitatu. Nilimaliza sekondari nikiisikiliza.”

“Wewe sekondari ulimaliza lini? Ilidumu msimu mmoja tu wa mvua.”

“Na mtangazaji alikuwa mwanamke.”

“Alikuwa Muajentina!”

Amparo alishika ukingo wa meza. Alikuja kutafuta jibu moja, sasa anayo sita, na hakuna mawili yanayoweza kukaa chumba kimoja. Hivi mji mzima ulisikiliza redio moja, au kila nyumba iliota yake? Akaanza kujiuliza kama hata lile tetemeko lilitokea.

“Sikieni,” akasema kwa sauti aliyozoea kuwanyamazishia watoto wanaojaribu sare. “Mtangazaji aliitwa Fermín?”

Hakuna aliyelijua jina hilo.

“Sisi tulimwita Domo,” akasema Greñas. “Jina lake hasa alilitaja kila mara, nasikia. Lakini nani alimsikiliza? Yule bwana alikuwa balaa. Wimbo haujaisha, anaingia. Wimbo unaanza, bado yumo. Anausalimu, anauuliza habari za nyumbani, anawaeleza wapiga gitaa ni watoto wa mtaa gani. Tulimtukana, dada, tulimtukana mpaka mama zetu wakatupiga makofi.”

“Kwa nini?”

Greñas akamtazama kana kwamba amemuuliza kwa nini watu hunywa maji. “Tulikuwa tunarekodi.”

Hapo Amparo akakumbuka, na alivyokumbuka akaona aibu kukumbuka hilo na kusahau mengine. Sahani za roki ya Kihispania hazikuwa zikipatikana madukani, na zilizopatikana hazikushikika bei. Basi kila nyumba yenye kijana ilikuwa na redio kaseti, na kila redio kaseti ilikuwa na kijana aliyepiga magoti mbele yake, kidole juu ya kitufe cha kusimamisha. Wimbo ukianza unaachia, mtangazaji akija unabonyeza. Kaseti yenye maneno ya mtangazaji ilikuwa kaseti ya aibu, hakuna ambaye angekubadilishia na chochote hapa Chopo. Yeye mwenyewe alipiga magoti hivyo hivyo, kwenye zulia lao la Portales, kidole tayari. Kumbe ndiyo maana hakuwa na sauti ya kukumbuka. Alichokumbuka ni kitufe.

“Kaseti zake unazo?” akauliza.

“Sanduku zima. Lakini yeye hayumo. Mimi nilikuwa bingwa.” Greñas akasema hivyo kwa fahari, kisha akaiona sura ya Amparo, fahari ikamtoka. “Alikuwa nani wako?”

“Kaka yangu. Nadhani. Mjomba anasema kaka yangu alikuwa mfagizi tu.”

Hakuna aliyecheka. Mzee aliyesema mtangazaji ni mwanamke akavua kofia. Greñas akafuta mayonezi vidoleni, akachagua kaseti moja, akaitia kwenye kinasa kidogo cha betri, akampa Amparo spika za masikioni.

Ukaja wimbo, magitaa yakakimbizana, mwimbaji akalalamika kuhusu mtaa wake na polisi wake, mwisho ngoma zikaanza kufifia. Kisha mkato, na wimbo mwingine ukaanza. Amparo akatikisa kichwa.

“Hakuna kitu.”

“Kipo. Usisikilize wimbo. Sikiliza pale kabla ya mkato.”

Akarudisha nyuma. Ngoma zikafifia, na hapo, kabla tu ya mkato, kulikuwa na pumzi. Mtu alivuta hewa, na hewa hiyo iliingia kwa mluzi mwembamba, kama birika linaloanza kuchemka. Basi. Mkato.

“Huyo ndiye,” akasema Greñas. “Ndivyo tulivyomwinda. Alikuwa hawezi kusema mpaka avute pumzi, na pumzi yake inapiga mluzi. Ukisikia mluzi, bonyeza. Mji mzima ulikuwa unamsubiri avute pumzi ili umnyamazishe. Ukitazama kaseti zangu zote, kila mwisho wa wimbo utamkuta anataka kusema.”

Amparo akasikiliza tena, na tena. Fermín alikuwa na pumu, hilo halina ubishi. Lakini mluzi huu ni wa kifua au wa kaseti? Kaseti kuukuu zote zinapiga mluzi. Na mfagizi mwenye pumu hawezi kupita karibu na kipaza sauti? Alitaka kuamini, na kwa kuwa alitaka sana, hakujiamini.

“Ni yeye?” Greñas akauliza.

“Sijui,” Amparo akasema, na machozi yakamtoka kwa hasira. “Nilikuwa nalala upande wa pili wa pazia, na sijui.”

Akatoa sahani ya Fermín kwenye mkoba wa mboga ili wabadilishane. Greñas aliusoma muhuri wa zambarau, kisha akamrudishia.

“Hii siwezi kuichukua, imeandikwa isitolewe.” Akatabasamu na kumtilia kaseti mkobani. “Utanishonea suruali. Shangazi wa sare anajulikana, nitamtafuta.”

Nyumbani, alasiri, chai ya mdalasini ilikuwa mezani na jirani alikuwa ameshaondoka. Amparo aliishusha ile redio kaseti nyekundu ya zamani kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi, akatia kaseti. Alijua anachokifanya hakina akili: anampelekea shahidi asiyeitambua hata picha ya mwanawe, amthibitishie pumzi.

“Redio ya Fermín wameshafungua?” Doña Refugio akauliza.

Amparo akabonyeza kitufe. “Wamefungua, Mama.”

Magitaa yakajaa chumbani. Doña Refugio akakunja uso, akaziba sikio moja. “Hebu zima makelele hayo. Nani anaimba kama amekanyagwa?”

“Subiri kidogo, Mama.”

“Kichwa kinaniuma. Na wewe, binti, mama yako yuko wapi akuache unafungulia watu kelele?”

Binti. Kumbe leo hata yeye hatambuliwi. Amparo akainama, akanyoosha mkono kuzima, akasema moyoni kwamba yamekwisha, mjomba Baldomero ale pozole yake kwa amani. Ngoma zikaanza kufifia. Ile pumzi ikavutwa, na mluzi wake mwembamba.

Mkono wa Doña Refugio ukasimama njiani, kikombe hakijafika mdomoni.

“Funga dirisha,” akasema.

“Mama?”

“Funga dirisha, Amparo, humsikii kaka yako? Kifua kimembana tena. Nilimwambia asitoke bila sweta, hasikii. Huko juu kwenye paa kuna upepo.” Alikuwa ameshasimama, anatafuta kitu kwenye viti, bila shaka hilo sweta, na macho yake yalikuwa ya mama mwenye shughuli, macho ambayo Amparo hakuyaona muda mrefu. “Akisema sana anabanwa. Na kazi yenyewe waliyompa ni kusema!”

Amparo akafunga dirisha, akarudi kwenye redio. Alifanya hivyo haraka, kwa woga, kama mtu aliyepokea amri kutoka miaka ya nyuma. Wala hakuwa na swali tena. Mfagizi, Muajentina, mwezi mmoja, miaka mitatu, vyote vilianguka chini kama mabaki ya vitambaa. Mama huyu asiyejua leo ni siku gani alikuwa amekesha akiusikiliza mluzi ule kitandani mwa mtoto tangu yuko katika nepi, na hakukosea.

Wimbo wa pili ulikuwa umeshaanza. Doña Refugio akakaa, akasubiri, akamtazama bintiye kwa mshangao uliogeuka kuwa hasira.

“Mbona amenyamaza? Alikuwa anataka kusema.”

“Ndiyo, Mama.”

“Nani amemkata?”

Amparo akakitazama kitufe, na kidole chake mwenyewe juu yake, chenye alama za sindano. Angeweza kusema betri, au mitambo, au “bado”. Alikuwa fundi wa maneno hayo.

“Sisi, Mama. Sote.”

“Basi mrudisheni,” akasema Doña Refugio. “Ameshavuta pumzi yule, ana neno lake.”

Amparo akarudisha nyuma. Magitaa yakapita, ngoma zikafifia, na wote wawili wakaiinamia redio.